Kumtuliza mgonjwa anayesubiri kukatwa mguu: mwongozo kwa muuguzi wa wodi

Raundi ya asubuhi imepita. Daktari amemweleza mzee wa kitanda cha pembeni kwamba kidonda cha kisukari kimefika kwenye mfupa, mguu hauponi tena, na ukiachwa maambukizi yataingia kwenye damu. Timu imehamia kitanda kinachofuata. Mzee anatazama dari, hajauliza swali hata moja, na chai aliyoletewa imepoa. Wewe muuguzi ndiye utakayekuwa naye kuanzia sasa hadi asubuhi ya upasuaji, na baada yake.

Nimemchagua mgonjwa huyu kwa makusudi. Kwake utayakuta karibu yote yanayowasumbua waliolazwa: hofu ya kufa, aibu ya mwili, lawama, fedha, ndoa, usingizi uliokatika. Ukijua kumhudumia yeye, hutababaika mbele ya mama anayesubiri majibu ya kipimo cha saratani wala kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda.

Kumtuliza mgonjwa ni kazi ya kitaalamu. Ina hatua zake, ina wakati wake, na matokeo yake hupimwa. Mwaka 1964 daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Baadhi yao walielezwa mapema maumivu yatakuwa wapi, yatakuwaje, yatachukua muda gani, na namna ya kulegeza misuli na kujigeuza kitandani. Hao walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu, na waliruhusiwa kwenda nyumbani siku 2.7 mapema zaidi kwa wastani. Dawa mpya ingeleta matokeo hayo, kila hospitali ingeinunua.

Kabla ya maneno, pima

Anza na mwili. Mgonjwa wa kisukari anayetetemeka, anayetokwa jasho, moyo unamwenda mbio na anasema anahisi anakufa, anaweza kuwa na hofu kali. Anaweza pia kuwa na sukari iliyoshuka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ukikosea unaweza kumpoteza mtu huku unamsihi atulie. Hatari huwa kubwa zaidi usiku wa kuamkia upasuaji, mgonjwa akiwa amezuiwa kula ilhali insulini ya jioni alichomwa kama kawaida. Chukua mashine, choma kidole. Ukikuta chini ya 4 mmol/L, hiyo ni dharura: mtibu kwa utaratibu wa hospitali yako, na kama haruhusiwi kunywa kitu, daktari aitwe kwa ajili ya sukari ya mshipani.

Hali kadhalika kwa mgonjwa aliyekuwa na akili timamu mchana, kisha saa nane za usiku anang'oa kanula, anamwita mkewe aliyefariki, au amelala kimya kuliko kawaida na hajui yuko wapi. Huyo akili yake imevurugwa na ugonjwa. Tafuta chanzo: sukari, homa, oksijeni ndogo, upungufu wa maji, kibofu kilichojaa, maumivu, dawa aliyoanzishwa jana, au pombe aliyoizoea nyumbani na ameikosa tangu alazwe. Mzee wa aina hii mara nyingi huandikwa "msumbufu" na kufungwa mikono kitandani. Kumfunga humzidishia hofu na kurukaruka. Washa taa ndogo, mpe miwani yake, mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi, mwache ndugu mmoja akae naye, na uende kumwita daktari.

Tatu ni maumivu yenyewe. Hakuna maneno yanayomtuliza mtu ambaye maumivu yake ni 8 kati ya 10. Mpe dawa iliyoandikwa, subiri ifanye kazi, ndipo mzungumze.

Vuta kiti

Ukishahakikisha ni hofu, vuta kiti ukae. Kama kiti hakuna, omba ruhusa uketi ukingoni mwa kitanda upande ambao hauna kidonda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, ulionyesha kwamba wagonjwa ambao daktari aliketi waliamini amekaa nao muda mrefu kuliko waliohudumiwa na daktari aliyesimama, ingawa muda halisi haukuzidi. Najua wodi zetu: uko peke yako, dawa za saa sita hazijatolewa, na mgonjwa mpya yuko mlangoni. Ndiyo maana nakuomba dakika 5 tu, ila ziwe zake zote. Simu mfukoni, macho usoni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nilikuwepo daktari alipozungumza. Wewe umeelewaje?"

"Wanataka kunikata mguu. Heri nife nao."

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia kusema, "Usiseme hivyo baba, utapona, mwachie Mungu." Nia ni njema, lakini mgonjwa huelewa kwamba mazungumzo yamefungwa. Jaribu hivi: "Pole sana, baba. Ukifikiria maisha bila mguu huu, kitu gani kinakutisha zaidi?" Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, nawe utatamani kukijaza. Usikijaze.

Atakachokitaja huenda kikakushangaza. Wengi hawaanzi na kifo. Anaweza kusema choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, na hawezi kuvumilia mkwe wake amshike. Hofu ya namna hiyo ina jibu: fundi seremala hutengeneza kiti chenye tundu katikati kinachowekwa juu ya shimo, na ukutani hufungwa bomba la kushikia. Mwingine anaogopa kushindwa kusujudu. Mwite imamu amweleze kwamba dini inamruhusu kuswali ameketi. Mwingine ni fundi cherehani na cherehani yake ni ya miguu. Hofu iliyotajwa jina hushughulikiwa. Ile inayofunikwa na "usijali" hubaki naye usiku kucha.

Pima pia ukubwa wa hofu yenyewe. Hildegard Peplau, muuguzi Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kiliweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa katikati ya taaluma yetu, aliigawa hofu katika ngazi nne, kutoka ndogo, ya wastani, kali, hadi taharuki. Ngazi hizo zina kazi. Mwenye hofu ndogo anaweza kufundishwa, kuuliza na kukumbuka. Mwenye hofu kali hasikii maelezo marefu. Sentensi zako ziwe fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, na urudie. Aliye katika taharuki hafundishwi lolote. Mwondoe penye kelele, kaa naye, mwambie, "Niko hapa, siondoki," na mpumue pamoja. Fomu ya ridhaa isisainiwe katika hali hiyo.

Mwambie kitakachotokea

Hofu hukua pale mgonjwa asipojua. Kwa hiyo mpitishe katika siku ya upasuaji kwa mpangilio: ataacha kula saa ngapi, nani atamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, ndugu watasubiri wapi, ataamkia wapi, atajikuta na dripu na pengine mpira wa mkojo. Zungumza na mtaalamu wa usingizi kwanza ili msipingane. Kama atachomwa ganzi ya mgongoni, mgonjwa lazima ajue kwamba anaweza kuwa macho. Hatasikia maumivu, lakini anaweza kuhisi anavutwa, na anaweza kusikia sauti ya vyombo, pamoja na msumeno. Asiyeambiwa hili huamini ganzi imeshindwa. Uliza kama anaweza kupewa dawa ya kumsinzisha kidogo.

Jambo la pili ambalo halipaswi kusubiri: mwambie kabla ya upasuaji kwamba huenda akausikia mguu ambao haupo. Vidole vitawasha, unyayo utauma, nyakati nyingine kama unaungua. Daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1871, na leo tunajua kwamba wengi wa waliokatwa kiungo hulipata kwa kiwango fulani. Ubongo bado una ramani ya mguu, na mishipa ya fahamu iliyokatwa inaendelea kupeleka taarifa. Asiyeambiwa huficha, kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu, au huamini amerogwa. Aliyeambiwa atakuita na kusema, "Sista, lile jambo ulilonieleza limekuja." Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia. Baadhi husaidiwa na kioo: kinasimamishwa katikati ya miguu, mgonjwa anauchezesha mguu mzima huku akitazama taswira yake mahali pa mguu uliokatwa. Kioo cha kawaida kutoka dukani kinatosha, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamwonyesha namna.

La tatu ni mguu wenyewe, utakwenda wapi. Ni swali linaloulizwa kwa kunong'ona, au haliulizwi kabisa. Familia nyingi, hasa za Kiislamu, hutaka kuuzika. Uliza mapema, kwa staha: "Baba, mngependa mguu tuwakabidhi familia, au hospitali iushughulikie?" Kisha andika jibu kwenye faili na uwaambie watu wa chumba cha upasuaji. Nalitaja kwa uzito kwa sababu kosa hapa halirekebishiki. Mguu ukishapelekwa kwenye tanuri, huwezi kumrudishia mtu.

Kama hospitali yako inaweza kumpata mtu aliyekwishakatwa mguu na sasa anatembea, mwombe aje. Nusu saa na mtu huyo akivua mguu wake wa bandia na kuuvaa tena mbele ya mgonjwa itafanya kazi ambayo maelezo yako hayawezi. Moshi, Tanzania, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutengeneza miguu hiyo. Mgonjwa akijua vitu hivi vipo nchini, ataanza kuuliza bei, na kuuliza bei ni dalili njema.

Kusafisha kidonda na kuutazama mguu

Baada ya upasuaji, kila kusafisha kidonda ni nafasi ya kuongeza hofu au kuipunguza. Dawa ya maumivu ya kumeza itangulie nusu saa hadi saa nzima. Mweleze utaratibu, na umpe alama ya kusimamisha: akiinua mkono, unaacha. Akishajua kwamba anaweza kukusimamisha, mara nyingi hatakusimamisha. Sema kabla ya kugusa: "Sasa namwagia maji, yatakuwa ya baridi."

Mfundishe kupumua kabla ya siku hiyo, si akiwa tayari anapiga kelele. Anavuta hewa kwa pua huku mkihesabu hadi 4, tumbo likiinuka, kisha anaitoa polepole kwa mdomo hadi 6. Kutoa kuwe kwa muda mrefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Fanya naye kwa dakika 3 hivi. Akisikia kizunguzungu, anavuta kwa nguvu mno, apunguze.

Mara ya kwanza ya kukitazama kipande cha mguu kilichobaki ni siku nzito, wala haitajwi kwenye fomu yoyote. Usifunue bandeji ghafla. Uliza kama yuko tayari leo, au aanze kwa kushika juu ya bandeji. Akigeuza uso, sawa, kesho ipo. Akitazama na kulia, usiharakishe kufunika kana kwamba ni kitu cha kuchukiza. Maliza kazi yako kwa utulivu, mkono wako ukibaki pale. Uso wako ndio kioo chake cha kwanza. Mke au mume naye aandaliwe hivyo hivyo, nje ya pazia, kabla ya kuingia.

Ndugu, lawama na uchawi

Mtoto mkubwa atakuvuta pembeni: "Dada, usimwambie mzee kwamba mguu unakatwa, atakufa kwa presha." Usimkaripie, anampenda baba yake. Mwulize anaogopa nini hasa, kisha mweleze kwamba upasuaji hauwezi kufanyika kwa siri, na mtu anayeamka bila mguu ambao hakuambiwa hatamwamini tena mwanawe wala hospitali. Pendekeza muwe pamoja mzee akiambiwa. Mwulize mzee naye anataka kujua kiasi gani na nani awepo. Wapo watakaosema, "Mwelezeni kaka yangu, mimi nitakubali atakalosema." Hiyo ni haki yake, ingawa ridhaa inabaki kuwa yake.

Lawama zikome wodini. "Tulikuambia uache sukari, ona sasa" ni sentensi inayomkata mtu mguu wa pili. Huenda alitembea na kidonda miezi mitatu kwa sababu nauli ya kliniki ilikuwa hela ya chakula cha watoto, au kwa sababu ganzi ya kisukari ilimfanya asisikie msumari. Siku ya elimu ya lishe itafika. Siku ya kukatwa mguu siyo.

Akisema amerogwa, usicheke na usibishane. Mwulize nini kingemtuliza moyo. Kama ni dua, maombi, sheikh au padre, mpe nafasi na faragha. Kama ni dawa ya kupaka kwenye kidonda, au kuacha insulini, au kutoroka kwanza kwa mganga, sema wazi kwamba hapo huwezi kukubali, na mweleze sababu. Wala usimshinikize asiyetaka maombi. Nimeona wodi ambako kila asubuhi wahubiri huingia na kipaza sauti. Mgonjwa aliyelala hana pa kukimbilia, na kumlinda na kelele hizo ni kazi yako pia.

Huzuni inapogeuka sonona

Kulia, kukosa hamu ya kula siku mbili tatu na kukasirika baada ya kupoteza mguu ni maombolezo. Mpe muda. Ila watu wenye kisukari hupata sonona takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho, kwa hiyo usilichukulie kila jambo kuwa la kawaida. Uliza mambo mawili: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Yakiwepo kwa siku nyingi, endelea na dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27; lipo kwa Kiswahili na limefanyiwa majaribio Kenya na Tanzania. Alama 10 na kuendelea zinahitaji tathmini kamili. Kumbuka tu kwamba uchovu, usingizi mbaya na kukosa hamu ya chakula vinaweza kuletwa na ugonjwa wenyewe, hivyo zipe uzito zaidi huzuni, kukata tamaa na kujiona mzigo.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Liulize kwa maneno yaliyonyooka: "Baba, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kulitoa. Akijibu ndiyo, uliza kama amepanga namna, na kwa kitu gani. Kuanzia hapo asiachwe peke yake, hata chooni. Msogeze karibu na meza ya wauguzi, mbali na dirisha la ghorofani. Kagua kabati la kitanda: wembe, kisu cha matunda, kamba, vidonge alivyojilimbikizia, na usisahau kalamu ya insulini, ambayo kwake ni silaha. Mwite daktari, andika, mweleze ndugu mmoja anayeaminika. Kama amelazwa kwa sababu alikunywa sumu, kumbuka wewe si askari. Maswali ya "kwa nini umefanya ujinga huu" hayana nafasi.

Kwa asiye katika hatari hiyo, tiba ya maneno haihitaji kumsubiri daktari bingwa kutoka mkoani. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao PM+, wa mikutano 5, unaofundisha kutuliza msongo, kuyashughulikia matatizo moja moja, kurudia shughuli zenye maana na kutafuta watu wa kuegemea. Nairobi uliendeshwa na wahudumu wa kawaida wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha ulipunguza dhiki kwa wanawake waliopitia ukatili. Wodini unaweza kuanza na kitu kidogo kila siku: leo aketi kitandani na kunyoa ndevu mwenyewe, kesho asogezwe kwenye kiti cha magurudumu hadi chini ya mti. Shughuli itangulie, hamu huja nyuma yake.

Usiku, kitanda na bili

Panga sindano, vipimo vya presha na dawa za usiku vifanyike kwa pamoja ili asiamshwe mara nne. Zungumzeni kwa sauti ya chini. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kitanda, mpe cha dirishani, ili mradi hayumo katika hatari niliyoitaja. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Bili nayo huwanyima watu usingizi kuliko maumivu. Mwite afisa ustawi wa jamii wiki ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa, wakati familia imeshauza mbuzi na bado hela haitoshi.

Sasa nina ombi moja kwako. Haya yote hufa pale zamu inapobadilika, kwa sababu kwenye makabidhiano tunataja dripu, homa na mkojo, basi. Leo jioni, ukimkabidhi mwenzako kitanda cha mzee huyu, ongeza sentensi moja na uiandike kwenye faili: anaogopa nini, nini kimemsaidia, na umemwahidi nini. Kisha mwenzako aitimize ahadi hiyo kama anavyotoa dawa ya saa nne.